Sindano ya Mjomba

Benchi la kijiweni lina miguu mitatu na tofali, na limewekwa mbele ya kibanda cha Fundi Viatu. Kila asubuhi hukaliwa na wale wale: Profesa, kinyozi ambaye hakumaliza hata darasa la sita, Dobi, mwenye pasi ya mkaa na mdomo wa moto kuishinda, na Mjomba, ambaye si mjomba wa mtu na hana kwake. Leo ilikuwa siku ya nne Mjomba haonekani, na Fundi Viatu alikuwa ameinamia soli, moyo ukimchoma. Kliniki ya akili anakotibiwa Mjomba haifungui faili bila namba ya simu. Mjomba hana simu, basi Fundi alitoa yake. Wiki tatu zilizopita ujumbe wa kumkumbusha Mjomba siku ya sindano yake uliingia. Aliusoma, akasema nitamwambia akija, wateja wakamzidi, akasahau. Alipokumbuka, Mjomba alishaanza kugombana na nguzo ya umeme, na Fundi akaona haya kusema.

— Mimi nilijua tu, alisema Dobi. Dalili ya mvua ni mawingu. Mtu anasoma mpaka magazeti ya kufungia misumari! Kichwa kimefurika.

— Pumba hizo, Dobi. Profesa alipuliza kahawa yake. Ni mnara wa simu ule. Anayelala nje anapigwa na mawimbi mazima mazima, hana hata bati la kumkinga. Ndiyo maana wahenga wakasema, asiye na mwana aeleke jiwe.

— Jiwe linaingiaje hapo?

— Linazuia mawimbi.

— Basi nikupe ya ndani, Dobi akashusha sauti. Yule si mgonjwa, ni mpelelezi. Kazi imekwisha, ameitwa makao makuu.

— Kumbe! Ndiyo maana havai viatu, asisikike akitembea!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Fundi Viatu hakucheka.

Ndipo akafika nesi kijana, viatu vimejaa vumbi, mkoba begani.

— Shikamooni, wazee wangu. Natoka kliniki, namtafuta mgonjwa wetu, yule mnayemwita Mjomba. Namba aliyoacha inaita tu, haipokelewi.

— Ni yangu, mwanangu, alisema Fundi Viatu. Ujumbe niliupata. Sikumwambia, na simu zenu nikaona haya kuzipokea.

Dobi alimgeukia.

— Fundi! Na unatuacha hapa tunahangaika na minara?

Fundi aliinamia tena soli yake.

— Tuyaache hayo kwanza, baba, nesi alisema. Sindano ninayo hapa. Nielekezeni tu nimfuate. Huwa analala wapi?

Profesa alifungua mdomo, akaufunga. Dobi alinyoosha kidole kuelekea sokoni, akakirudisha taratibu. Nesi akamtazama Fundi Viatu, naye akatazama chini. Miaka sita walikuwa wakimwambia kila jioni, “Lala salama, Mjomba,” kisha kila mtu anashika njia ya kwake.