Likizo ya Winchi na Mbwa wa Marehemu Annegret

Kijiwe chetu kiko mbele ya kibanda cha Traudel, mjini Herne, karibu na mfereji wanakopita mabaharia wa maji matamu na vyuma chakavu vyao. Traudel anauza magazeti, bia, mikate midogo yenye nyama ya kusaga na kahawa ambayo mtu mwenye heshima zake hawezi kuirudia. Sisi tunairudia kila asubuhi. Benchi ni moja, na kila mmoja ana mahali pake. Profesa hukaa kulia. Hajawahi kufundisha mtu kitu, alikuwa mlinzi wa shule, lakini husema elimu yote ilipita mlangoni kwake. Barometa hukaa kushoto na goti lake linalotabiri mvua. Mimi naitwa Breki kwa sababu niliendesha tramu mpaka nilipostaafu. Katikati hukaa Winchi, yaani Ottmar Wieczorek, aliyefanya kazi ya kuendesha winchi bandarini maisha yake yote. Mtu wa maneno machache. Huko juu kwenye winchi ungeongea na nani?

Chini ya benchi hulala Bodo, mbwa wa rangi ya hudhurungi, manyoya kama brashi ya kusugulia sufuria. Hapo ndipo kisa kinapoanzia, kwa sababu Bodo si mbwa wa Winchi. Ni mbwa wa Annegret, mke wake, aliyefariki mwaka juzi. Annegret ndiye aliyemchukua kwenye nyumba ya wanyama waliotupwa, akamlea, akatembea naye mvua na jua. Winchi alimrithi kama unavyorithi kabati la mama mkwe: huwezi kulitupa, na hujui uliweke wapi. Alimlisha vizuri. Alimtoa nje asubuhi na jioni, kamba imekaza, mmoja mbele, mmoja nyuma, kama watu waliogombana wakienda kanisani.

Sasa asubuhi moja mwezi wa sita, Winchi akaweka kikombe chini na kusema:

— Nataka kwenda likizo na mbwa.

Tangu tumfahamu, likizo zilipangwa na Annegret. Winchi alibeba masanduku tu. Profesa akamuuliza kwa nini asimwache mbwa kwa binti yake kule Bochum, aende zake akapumzike kama binadamu. Winchi akamtazama mbwa chini ya benchi.

— Nikimwacha na mimi, akasema, hatakuwa na mtu.

Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na haki ya kutania. Tukatania hata hivyo, maana kijiwe ni kijiwe, ila tulifanya kazi kwa bidii. Kesho yake Profesa akaja na vijitabu vya hoteli vya kujaza mfuko. Alikuwa ameshaamua. Winchi aende milimani, Austria, kwenye hoteli ambayo mbwa ana kitanda chake, bafu lake na mtu wa kumkanda mgongo. Akatueleza kwamba hewa ya juu ni nyembamba, na mbwa akivuta hewa nyembamba damu yake inakuwa nzito, na mbwa mwenye damu nzito hakimbii ovyo. Hukaa akitafakari.

— Mbwa hafi maji akiona ufuko, akamalizia Profesa. Ndiyo maana nasema mlimani.

— Mlimani kuna ufuko gani? nikamuuliza.

— Hakuna. Kwa hiyo hafi.

Barometa hakukubali. Goti lake halipendi milima. Yeye alitaka kisiwa cha Bahari ya Kaskazini, kwa sababu kisiwa, kwa maelezo yake, ni uwanja uliozungushiwa ukuta wa maji. Mbwa akitoroka hana pa kwenda. Atazunguka kisiwa chote na atarudi palepale mlangoni kwako, apende asipende. Profesa akamkumbusha kwamba kule bahari hukauka mara mbili kwa siku, na watu huvuka kwa miguu hadi nchi kavu. Mbwa mwenye akili atasubiri maji yatoke, kisha atakwenda zake taratibu, na jioni utamkuta kituo cha treni. Barometa akafikiri, halafu akasema basi mbwa afungiwe ndani maji yanapotoka, na afunguliwe yanapojaa. Profesa akasema hiyo si likizo, hiyo ni zamu ya kiwandani.

Traudel naye, kutoka dirishani, akaleta lake. Dada yake alikodi nyumba ndogo Uholanzi, kwenye kijiji cha likizo kilichojengwa kwa ajili ya watu wenye mbwa. Kila nyumba ina ua wake na uzio mrefu kupita mtu. Ukifunga geti, unaweza kulala usingizi. Alisema uzio umechimbiwa hadi chini ya ardhi ili mbwa asipitie huko.

— Hiyo nyumba ya likizo au jela? Barometa akauliza.

— Jela yenye meko na mashine ya kahawa, Traudel akasema. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mambo yakaendelea hivyo kwa siku kadhaa, na kila siku yalizidi. Profesa akapata habari za mahali fulani ambapo mbwa na mwenye mbwa hulazwa usingizi mmoja na mtaalamu, na wakiamka wanaelewana. Barometa akapendekeza meli, kwa kuwa meli ni kisiwa kisichokauka. Kisha akaongeza kwamba nahodha apewe picha ya mbwa mapema. Mimi mwenyewe, sitaki kusingizia wenzangu tu, nilitetea kwa moyo wote kamba ndefu ya kujikunja yenye injini, ambayo sijawahi kuiona popote. Profesa akanijibu kwamba kamba hukatikia pembamba, na kila mtu akaitika kama vile amesema jambo.

Winchi alisikiliza. Nilimwona anavyokunja vijitabu, anavyosoma kila ukurasa uliokuwa na picha ya uzio. Bodo alilala chini ya benchi, kamba imefungwa kwenye mguu wa benchi, na ncha yake nyingine, ile ya wasiwasi, ilikuwa kifuani mwa Winchi. Hilo sikuliona wakati ule.

Ijumaa asubuhi akaja mwanamke tusiyemjua kuchukua kifurushi chake kwa Traudel. Alikuwa amehamia karibuni ghorofa ya juu ya duka la dawa. Jina lake Swantje, mtu wa pwani kwa lafudhi yake. Akasimama akisubiri Traudel atafute kifurushi nyuma, na kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kusimama pale bila kusikia, akasikia yote: mlima, kisiwa, uzio, meli. Akamwinamia Bodo, akamwacha amnuse mkono. Halafu akamuuliza Winchi, kwa adabu kabisa:

— Samahani, mzee. Akifunguliwa, anarudi?

Profesa alikifunga kijitabu chake. Barometa akashika goti lake. Traudel alikuwa amerudi na kifurushi, akabaki nacho mkononi. Sisi watu tuliokuwa tumezunguka Ulaya nzima tangu Jumatatu tukamgeukia Winchi.

— Sijui, akasema. Sijawahi kumfungua.

Miaka miwili. Swantje hakumcheka. Alisema tu kwamba ingefaa kujua kabla ya kulipia chumba. Akachukua kifurushi chake, akaenda.

Winchi aliweka kikombe chini. Kisha akafungua kamba kwenye mguu wa benchi, akashuka na mbwa kuelekea nyasi za kando ya mfereji. Tukamfuata bila kuitwa. Pale kwenye nyasi akapiga magoti, na kwa mikono ile iliyokuwa ikitua makontena bila kuvunja yai, akahangaika na kile kikulabu kidogo cha shingoni mpaka kikaachia.

Mwanzoni Bodo hakujua. Alisimama mahali palepale, akingoja kuvutwa. Kisha akapiga hatua, akageuza kichwa, akapiga nyingine. Halafu akaondoka. Hakukimbia. Alikwenda kama mtu mwenye shughuli, moja kwa moja hadi ukingoni, na kabla Winchi hajalimaliza jina lake, akawa majini.

Winchi akaita. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake ikipanda. Akaita tena na tena, na kile kichwa cha hudhurungi kikazidi kwenda, masikio yameelea, hakigeuki. Na kutoka upande wa magharibi tukaiona meli ya mizigo, bapa, nzito, inakuja taratibu kama zinavyokuja siku zote. Meli hizo hazina breki. Hilo nalijua mimi kuliko wengine. Winchi akaanza kuvua viatu. Barometa akamkamata mkanda wa suruali kwa mikono miwili, akamwambia maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, kwa hiyo asivue. Ilikuwa methali imepinduliwa, lakini ilimshika kwa muda uliotosha.

Bodo akatokea ng'ambo. Akapanda mawe, akajikung'uta. Meli ikapita katikati yetu na yeye, ndefu, haina mwisho, imejaa kokoto, na hatukuona kitu ila ubavu wake. Winchi alisimama na kiatu kimoja mguuni. Uso wake ulikuwa uso wa siku ya mazishi ya Annegret; nilikuwepo, naujua.

Meli ilipomaliza kupita, mbwa alikuwa bado pale. Amekaa. Anatutazama.

Daraja lililo karibu liko mbali kwa mtu wa umri wetu. Winchi akavaa kiatu chake, akaanza kutembea kulielekea. Ng'ambo, Bodo akasimama, naye akaanza kutembea upande uleule. Winchi akiharakisha, mbwa anakimbia kidogo. Winchi akisimama kuvuta pumzi, mbwa anasimama, anamtazama kutoka ng'ambo ya maji, anangoja. Tuliwaona wakienda hivyo, mmoja huku, mmoja kule, mfereji katikati, mpaka wakawa wadogo.

Walirudi pamoja, kamba ikiwa mfukoni mwa Winchi. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi mapajani, maana Bodo alimngoja darajani na kujikung'uta mara ya pili mbele yake. Traudel akampa kahawa na mbwa akapewa nyama ya ndani ya mkate. Winchi akanywa kikombe chote kabla ya kusema.

— Nimekuwa nikitembea mbele yake muda wote huo, akasema. Sikuwahi kumwona akitembea.

Kisha akaomba kijitabu cha Barometa, siyo cha kisiwa, kile kingine alichokileta bila kukitetea, chenye nyumba ndogo ya wageni juu ya tuta la kuzuia bahari. Hakuna uzio kwenye picha. Kuna nyasi, kondoo kwa mbali, na ufuko ambao mbwa wanaruhusiwa. Akatoa simu yake. Masikio ya Winchi yaliharibiwa na bandari, kwa hiyo huongea na simu ikiwa imefunguliwa sauti, na mtaa mzima hushiriki.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa sauti nzito, asiye na haraka. Akasema chumba kipo. Akauliza mbwa ni mkubwa kiasi gani, na kama anapatana na kondoo, na Winchi akajibu kwamba kondoo bado hawajakutana naye.

— Na ni mtiifu? Ukimwita anakuja?

Winchi akatutazama. Barometa akaitikia kwa kichwa kwa nguvu, kuashiria aseme ndiyo. Profesa naye pia. Hata Traudel, mama wa ukweli, akaitikia kwa kichwa dirishani. Chini ya benchi Bodo alikuwa ameinua pua yake kuelekea ile sauti ya simu.

— Hapana, Winchi akasema. Haji. Lakini hanipotezi machoni.

Upande wa pili zikasikika kurasa za daftari zikifunuliwa. Kisha yule mama akauliza kama wangependa chumba cha chini, chenye mlango wa kutokea moja kwa moja kwenye nyasi.