Fuatino Aliyerudi na Kazi Yake

Wasikilizaji wapendwa, kama mna sufuria jikoni, punguzeni moto. Kama mko barabarani, pandisheni vioo mnisikie vizuri. Mimi ni Talosaga, sauti yenu ya Jumapili baada ya ibada, na leo sina furaha.

Leo tunamkumbuka Fuatino Sapatu wa kijiji cha Vaimalu. Narudia jina kwa wale waliochelewa kufungua redio: Fuatino Sapatu, binti wa Mzee Iakopo Sapatu. Alifariki wiki iliyopita katika hospitali yetu, kwa ugonjwa wa figo. Jana alizikwa mbele ya nyumba ya baba yake. Wengi wenu mlimjua kwa sura. Na wengi wenu, wazazi wenu walipita mikononi mwake.

Maana kazi ya Fuatino ilikuwa kuosha maiti, kuwatengeneza na kuwavalisha. Aliisomea jeshini. Nasema tena, aliichagua mwenyewe na akaisomea jeshini, ili aje kuifanya hapa.

Tuanze mwanzo. Fuatino alipomaliza shule alitaka kuingia jeshini kama nusu ya darasa lake. Kisiwani kwetu, tulio chini ya bendera ya Marekani, hilo si jambo la kushangaza. Lakini Mzee Iakopo alikuwa ameshaumwa na nyoka, na aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Mtoto wake wa kwanza, Penitusi, alichagua bunduki kwa sababu bunduki ilipendeza kwenye picha. Akarudi na nishani kifuani. Akazunguka na nishani zake kutafuta kazi, akaipata: kulinda geti la kiwanda cha samaki wa kopo.

"Kaka yako alisomea shabaha," mzee alimwambia Fuatino wakiwa njiani kwenda ofisi ya kuandikisha. "Sasa anawalenga paka wanaoiba vichwa vya samaki. Wewe utachagua kitu kitakachokulisha ukishavua gwanda. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Baba."

"Hujanisikia. Unatazama viatu vya yule askari."

Ofisini alikuwapo Sajini Lauvao, kijana wa hapahapa, mcheshi, mwenye kitambi cha mtu aliyesahau mazoezi. Akaanza kuwatajia kazi. Mzee akawa anazikata kama majani.

"Vifaru, Mzee?"

"Kifaru kitapita barabara gani hapa? Kitaangukia baharini."

"Ufundi wa helikopta. Uraiani una soko kubwa sana."

"Uraiani kwa nani? Wewe una helikopta?"

"Upishi, basi."

"Sajini, unatutania. Hapa nani hajui kupika?"

 Ndipo Fuatino akauliza swali lake moja. "Sajini, ni kazi gani ambayo hapa kisiwani hakuna mtu hata mmoja anayeijua?"

Sajini akajikuna kidevu. "Ipo. Lakini mabinti wanaikimbia. Hata hao wanaume wanaojifanya simba wanaikimbia." Akawaeleza. Kuwapokea askari waliokufa, kuwatambua, kuwatunza, kuwaandaa warudi kwao wakiwa na sura. "Na uraiani, Mzee, usiniulize. Huko Marekani bara makampuni ya mazishi yanawagombania watu hawa. Kufa kufaana."

Mzee Iakopo hakucheka. Wasikilizaji, ni lazima mjue jambo hili. Mkewe, mama yake Fuatino, alikufa kwa ajali ya gari Fuatino akiwa mdogo. Hapakuwa na mtu wa kumtengeneza. Sanduku likaletwa limefungwa na likazikwa limefungwa. Mtoto alilia akitaka kumwona mama yake, akaambiwa aimbe tu.

"Hiyo," Fuatino akasema. "Niandikie hiyo."

Baba yake akatazama ukutani, halafu akaitikia kwa kichwa. Jumapili iliyofuata alijigamba kanisani. "Binti yangu ana akili," alisema. "Amechagua kazi isiyoisha."

Akaenda. Vita vilikuwa vimeanza, na Fuatino akapelekwa jangwani, kwenye hema kubwa lenye baridi walikopokelewa vijana wasiotembea tena. Mambo ya hema lile hakuyasimulia. Nimemuuliza Penitusi, naye anakumbuka neno moja tu. "Aliniambia, 'Kaka, mfukoni mwa hao vijana hukuti vita. Unakuta pipi, unakuta betri, unakuta picha ya mbwa.' Halafu akaniuliza habari za mpira."

Muda wake ulipokwisha, alirudi nyumbani. Siku ya kwanza kulikuwa na karamu, kama kawaida yetu. Nguruwe juu ya mawe ya moto, magimbi, majani ya magimbi kwenye tui zito la nazi. Fuatino akanyoosha mkono achukue chakula. Bibi yake, Bibi Sieni, mama wa marehemu mama yake, akaushika ule mkono.

"Mikono hii imeshika maiti?"

"Ndiyo, Bibi. Wengi."

"Basi tulia."

Bibi akamega gimbi, akalichovya kwenye tui, akamlisha mjukuu wake mdomoni. Ukoo mzima ukacheka. Askari mzima, mwenye mabega kama mlango, analishwa kama mtoto anayeota meno! Vijana wakapiga makofi. Bibi hakuwajali. Akamega tena.

"Zamani, kabla wachungaji hawajatukataza," alisema, "aliyehudumia maiti hakujilisha mwenyewe. Mikono yake haikugusa chakula. Walio hai walimlisha mpaka siku zake zitimie. Haikuwa adhabu, mbona mnacheka? Amewabebea uchungu wenu. Na nyinyi mbebeeni kijiko."

Kicheko kikakatika. Fuatino alitafuna huku machozi yanamtoka, na Bibi akayafuta kwa kiganja kilekile chenye tui. Alimlisha siku ile, na siku zilizofuata, mpaka aliporidhika mwenyewe kwamba imetosha.

Hospitali ikampa Fuatino chumba nyuma ya jengo. Akaanza kazi. Wa kwanza alikuwa baba mmoja wa upande wa magharibi aliyeanguka kutoka kwenye mnazi. Uso ulikuwa umeharibika. Familia ilikuwa imeshakubali kufunga sanduku. Fuatino akawaomba picha, akajifungia na kazi yake. Mjane alipoitwa, alisimama mlangoni amejifunika macho. Akafungua kidole kimoja. Akafungua cha pili. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyuhuyu. Na kiburi chake chote." Akambusu.

Tangu siku hiyo, hapa kwetu masanduku hayakufungwa tena kwa haraka. Haya ndiyo matunda ya swali alilomuuliza Sajini.

Sasa nakuja mahali panaponiuma. Bibi Sieni alikufa mwaka uliofuata. Fuatino alimwosha na kumvalisha mwenyewe, akamsuka nywele vizuri. Baada ya maziko, akanawa, akaenda jikoni kusaidia kupakua, kama binti yeyote wa nyumba. Shangazi yake, Tolupene, dada wa baba, ndiye aliyekuwa na upawa. Jikoni kwa Sapatu hakuna chungu kinachofunuliwa bila Shangazi Tolupene.

"Mwanangu, weka hiyo sahani," alisema.

"Kwa nini, Shangazi?"

"Mikono ile. Bibi yako mwenyewe alisema isiguse chakula. Usiwatie watu kichefuchefu. Nenda ukakae."

Fuatino akaenda kukaa mwisho wa nyumba, kwenye nguzo ya nyuma, mbali na wanaokula. Alingoja. Alidhani mtu atakuja na kijiko. Mtoto mmoja akaleta sahani, akaisukuma mbele yake, akakimbia.

Wasikilizaji wapendwa, niwaeleze polepole. Bibi Sieni alisema mambo mawili. La kwanza, mikono ile isiguse chakula. La pili, mtu yule alishwe. Vaimalu walilishika la kwanza, wakalitupa la pili. Na katika la kwanza wakaondoa ule mwisho wake, ile siku ya kutimia. Likawa la maisha. Sijui kama ni hofu au ni ubaya wa moyo. Mimi naona ni uvivu, kwa sababu kumtenga mtu hakuhitaji kazi.

Miaka ikapita hivyo. Fuatino aliitwa kila msibani, akaheshimiwa, akapewa mikeka ya heshima, halafu wakati wa chakula akaelekezwa kwenye nguzo yake. Hakuna aliyemtukana. Walimwita "mwalimu". Mchumba mmoja alitokea, fundi wa boti, mtu mpole. Mama yake akamuuliza tu, "Na atakupikia kwa mikono ipi?" Fundi wa boti akaacha kuja.

Penitusi pekee alikuwa akipita kwake akitoka getini na kula alichopika. "Alikuwa anapika vizuri kuliko Shangazi," ananiambia. "Mwambie Shangazi, sijali."

Kisha likaja jambo la California. Kampuni moja ya mazishi huko ilisikia habari zake, ikamwita kazini. Nyumba, gari, watu wa kumsaidia. Mzee Iakopo alimwita akamkalisha.

"Nenda, mwanangu. Hili ndilo soko tuliloambiwa na Sajini. Hapa unakaa kwenye nguzo."

"Unajua kwamba nakaa kwenye nguzo, Baba?"

Mzee akaanza kuchomoa nyuzi za mkeka.

"Unajua, na hujawahi kusema kitu," Fuatino akasema. "Mimi sikuchagua kazi hii kwa ajili ya maiti wa California. Niliichagua nije nayo nyumbani. Nataka kuifanya hapa na nataka kula na watu wangu. Ni hayo mawili tu. Moja nimelipata."

Mzee Iakopo mwenyewe ndiye aliyenisimulia maneno hayo, jana jioni, akiwa amekaa kando ya kaburi bichi. "Nilikuwa mkuu wa ukoo," alisema. "Ningetamka neno moja tu. Kila msiba nilijiambia, msiba ujao nitasema."

Hakusema. Na Fuatino hakwenda California. Figo zikaanza kumsumbua, akawa anakwenda kwenye mashine ya kusafisha damu asubuhi, mchana anarudi kwenye chumba chake cha nyuma kuwahudumia wengine. Wiki iliyopita hakuamka.

Muuguzi akatoka akaiuliza familia, "Nani atamvalisha?" Kwa miaka mingi swali hilo lilikuwa na jibu moja, na jibu lenyewe ndilo lililokuwa limelala pale mezani. Watu wakatazamana. Mwishowe Shangazi Tolupene akaingia. Sasa ni mzee, miguu inamsumbua. Aliingia na wajukuu wawili.

"Hatukujua tuanze wapi," ameniambia. "Tulimvalisha nguo nyeupe. Kola ilikaa upande, tukaivuta, ikakaa upande mwingine. Yeye asingeiacha hivyo. Asingemwacha mtu yeyote hivyo."

Jana wakazika. Chakula kikawa tayari. Wakuu wa koo wamekaa, mchungaji ameshaomba, watu wana njaa ya msiba. Shangazi Tolupene akafunua chungu, akashika upawa kama alivyoushika maisha yake yote. Halafu akasimama hivyo. Akaitazama mikono yake. Akaurudisha upawa mezani, akaenda kukaa kwenye nguzo ya nyuma.

Penitusi akamfuata. "Shangazi, watu wanangoja."

"Nimeshika maiti."

"Si umenawa?"

"Na yeye alikuwa ananawa," Shangazi akasema. "Kila mara alinawa, Penitusi. Nilikuwa namsikia akinawa."

Akaanza kulia, kilio cha kujirusha chini. Hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Nyumba nzima ilijua analilia nini. Mzee Iakopo akanyanyuka kutoka mahali pa wakuu, akauchukua upawa, akampelekea dada yake kwenye nguzo.

"Simama upakue, Tolupene. Tutakula."

Akapakua huku analia. Wakala, mchungaji akala, wakuu wakala. Hakuna aliyeumwa tumbo. Gimbi lilikuwa gimbi na tui lilikuwa tui. Ingekuwa hivyohivyo miaka yote ile, na sasa wamelijua hilo siku ambayo halimsaidii Fuatino kitu.

Kwako Mzee Iakopo, kwako Penitusi, kwako Shangazi Tolupene na ukoo wote wa Sapatu, poleni sana. Nawapa pole kwa moyo wote, pamoja na hasira niliyonayo, maana mmenifungulia mlango na mmenieleza ukweli ambao wengine wangeuficha. Mungu ampumzishe Fuatino Sapatu.

Nanyi wazazi wengine, kesho Jumatatu mtakuwa tena na watoto wenu kwenye foleni ya ofisi ya kuandikisha, mkiuliza ni kazi gani ya jeshini ina soko uraiani. Swali ni zuri, ulizeni. Lakini mkirudi nyumbani, jiulizeni na la kwenu: akija nayo, tutamkaribisha mezani?

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijanyamaza nina tangazo moja. Asubuhi hii tumeletewa taarifa ya kijana aliyepata ajali kwenye kona ya bandarini. Mama yake anataka kumwona. Chumba cha nyuma cha hospitali kimefungwa, na familia inauliza kama yupo mtu yeyote hapa kisiwani anayeijua kazi ile. Kama yupo, apige simu hapa studio. Tunangoja.