Jana Ulifika

Sikuwa nasikiliza, masikio yangu ndiyo yaliyosikiliza. Kwenye kiti cha mbele yangu basini, nesi mwenye sare alimwonyesha simu jirani yake, mwanamume aliyepakata begi kubwa. "Tazama kaka, hiki kidoti chekundu ndicho mzigo wangu. Leo hakuna kukaa nyumbani kuusubiri. Ukikaribia, nami nakaribia."

"Mambo ya kisasa hayo, dada," alijibu jirani, akifunga zipu ya koti hadi kidevuni. Jua lilikuwa kali. Kabla hajaifunga, nilikuwa nimeona fulana ya wasambazaji wa vifurushi.

"Ni miwani ya mama mkwe. Jana alikaa mlangoni kutwa nzima, hata chooni alikwenda mbio. Jioni wasambazaji wakaniandikia, 'Tumefika, mteja hayupo.' Mtu mzima yule akaniomba radhi, akidhani alisinzia."

Jirani aliinamia begi. Mimi, ambaye bwenini niliwahi kuitikia "nipo" kwa niaba ya vitanda vitano vitupu, nilivitazama viatu vyangu kwa heshima zote.

"Ajabu," alisema nesi, "kidoti kimekaa juu yetu. Tukisimama, kinasimama."

"Mtandao huo, dada. Unasumbua."

Nesi aliitazama simu, akalitazama begi, kisha zipu. Hakupaza sauti. Basi liliposimama, alimgusa bega. "Tushuke, kaka. Tangulia wewe, si nyumbani unapajua? Jana ulifika."

Jirani alishuka na begi lake, akasimama kando ya barabara, akitazama kulia, akitazama kushoto.