Maisha ya Fundi Kijiti, Mchonga Majina

Ndugu waombolezaji, majirani, na mafundi wenza wa marehemu, familia inawashukuru kwa kuja kumsindikiza baba yetu, na kabla hatujairudishia ardhi kilicho chake, tunaomba mtusikilize tukieleza alikotoka, alivyofanya kazi, na jinsi alivyolimaliza jambo moja lililomkaa rohoni kwa miaka kumi na moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa seremala na mshonaji nguo. Kaka yake alitangulia mwaka 1998, na mdogo wake wa kike, shangazi yetu, ndiye huyu aliyeketi mstari wa mbele. Alianza shule mwaka 1950, akahitimu darasa la nane mwaka 1957, na mwalimu wake wa mwisho aliandika kwenye ripoti kwamba mwandiko wa kijana huyu ni mzuri kuliko anayoyaandika, maneno ambayo marehemu aliyakariri kila mtoto wake alipoleta ripoti nyumbani, akicheka kabla hajaifungua.

Tarehe 3 Februari 1958 alipokelewa kuwa mwanagenzi katika karakana ya mawe ya makaburi, mtaa wa nyuma ya bandari, chumba kirefu chenye madirisha ya juu, ambamo vumbi jeupe liliwafanya vijana wote waonekane wazee. Kwa kuwa meli zilileta watu wa kila aina, na wengine wao walibaki hata kufa, majina yaliyofika pale yalikuwa ya lugha nyingi, na katika majina hayo ilikuwamo herufi moja iliyompa marehemu kazi yake, jina lake la utani na, kama mtakavyosikia, mke wake, nayo ni o yenye kijiti cha kuinama juu yake, ó.

Mwaka wa tatu wa uanagenzi, baada ya kuchonga mawe matatu mfululizo ya watu wa Kihispania, ambao kwao kijiti hicho huonyesha mahali sauti inapokazwa, marehemu alikichonga pia juu ya jina la mtu wa lugha nyingine, ambalo halikukihitaji, kwa sababu aliona linapendeza zaidi. Mjane alipokuja kulichukua jiwe alilisoma, kisha akauliza kwa adabu hilo ni jiwe la nani, maana jina lile linafanana na la mumewe lakini si yeye. Fundi mkuu hakumpiga wala hakumfukuza, alimwambia tu, mbele ya karakana nzima, kwamba kijiti si hereni ya kuivika kila o inayopita njiani, akampa msasa, na marehemu alilisugua jiwe lile uso mzima mpaka likasahau. Tangu siku hiyo wenzake walimwita Kijiti, na baadaye, alipokuwa fundi mkuu mwaka 1981, Fundi Kijiti.

Kutokana na kosa hilo alijiwekea desturi ambayo hakuivunja hata mara moja, kwamba herufi zote atazichonga kama zilivyoandikwa, lakini kijiti atakiacha cha mwisho, mpaka aje mtu aliyekuwa akimwita mwenye jiwe kwa jina hilo nyumbani, alitamke mbele ya jiwe, naye alisikie kwa masikio yake. Kwa njia hiyo alijifunza mengi, kwamba kwa Wapolandi herufi hiyo husomwa kama u, kwa Wahungaria ni o ya kuvutwa, kwa Wayoruba inamwambia msemaji apandishe sauti, na kwa Waaislandi huanza kama o ikaishia kama u. Alipenda kusema kwamba ó ni mtu mmoja aliyevaa kofia ileile kila mahali, ila kila nyumba anayoingia anapewa kazi nyingine, huku mpishi, kule mlinzi, na kwingine mwimbaji, naye anazifanya zote bila kunung'unika.

Mwezi Mei 1969 alifika karakanani binti mmoja, muuzaji wa duka la dawa, kuagiza jiwe la baba yake, fundi saa wa Kihungaria, ambaye jina lake lilikuwa na herufi hiyo, kama la binti mwenyewe. Marehemu alimwomba alitamke jina la baba yake, kisha tena, kisha mara nyingi kuliko kazi ilivyodai, hata binti akamuuliza, "Wewe, unachonga au unajifunza kuimba?" Walifunga ndoa tarehe 6 Juni 1970. Dada mkubwa wa bibi arusi hakuhudhuria, kwani alikuwa amemuuliza mdogo wake kama amekosa wanaume walio hai mpaka akatafute makaburini, naye alihamia mji mwingine, na kwa miaka yote iliyofuata hakukanyaga nyumba yao, na alipolazimika kumtaja marehemu alisema "yule mchonga mawe".

Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike mwaka 1972, ambaye leo ndiye fundi wa karakana ile, na wa kiume mwaka 1975, dereva wa treni. Ilikuwa nyumba ya mizaha na milango iliyo wazi, na mama yetu ndiye aliyekuwa akipangusa vumbi la mawe kwenye nyusi za mumewe kabla hajamruhusu kukaa mezani.

Mama alifariki tarehe 19 Agosti 2007. Marehemu alilichonga jiwe lake peke yake, herufi baada ya herufi, akafika mwisho, akaweka patasi chini, kwa maana alitambua kwamba yeye mwenyewe tangu azaliwe mtoto wa kwanza alimwita Mama Watoto, na kabla ya hapo Mwenzangu, watoto walimwita Mama, majirani walimwita Dada wa Dawa, na katika mji mzima haukubaki mdomo uliolizoea jina lile. Aliyelijua kwa kuliita alikuwa dada mtu, na dada mtu hata mazikoni hakuja. Jiwe likasimikwa likiwa na o tupu. Rafiki yake mmoja, mchonga sanamu, alimsihi akisema, "Fundi, kitu chenyewe punje ya mchele, piga nyundo mbili ukalale," naye akamjibu kwamba punje ya mchele ikiingia jichoni ndipo utajua ukubwa wake.

Mwaka 2014 mikono yake ilianza kutetemeka, na madaktari walieleza kwamba ugonjwa huo haurudi nyuma. Hapo ndipo watoto walipoingiwa na hofu, kwamba mikono itakwisha kabla ya kiburi cha shemeji kwisha. Mwanawe alikwenda kwa mama mkubwa mara mbili, akapewa chai, akaelezwa habari za mvua, akarudi. Mara ya tatu, Oktoba 2018, marehemu, ambaye hakuwa na mazoea ya kuomba, alimtuma na maneno haya, "Mwambie simwiti kwa ajili yangu. Mimi nilimpata mdogo wake akiwa na miaka ishirini na mitatu, yeye alimpata akiwa na siku moja." Mama mkubwa akakiweka kikombe, akamwuliza kijana koti lake liko wapi, waondoke.

Tarehe 20 Oktoba 2018 alisimama mbele ya jiwe la mdogo wake, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja, akalitamka lile jina, si kama mtu anayesoma, bali kama anayemwita mtoto aingie ndani chakula kinapoa, ile ó ikivutwa mpaka mwisho wa ua. Marehemu akaomba arudie. Akarudia. Akaomba tena, na mama mkubwa, ambaye hakuna aliyewahi kumsimulia habari za mwaka 1969, akasema, "Shemeji, unachonga au unajifunza kuimba?" Marehemu aliinamisha kichwa, na wote walimwacha kwanza. Kisha akashika patasi, shemeji akamshika kifundo cha mkono kisitetemeke, binti yake akapiga nyundo. Kijiti kilitoka kikiwa kimepinda kidogo, na marehemu alikataza kisinyooshwe.

Baada ya hapo alidhoofika upesi, akalazwa tarehe 2 Desemba, na tarehe 8 Desemba 2018, saa kumi na moja alfajiri, aliaga dunia usingizini, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, ameacha watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na shemeji mmoja aliyechelewa lakini akafika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliopokezana kukesha naye, na mafundi wa karakana waliozima mashine zao wiki nzima bila kuombwa. Jina la baba halina kijiti hata kimoja, lakini binti yake ameapa kwamba jiwe halitatoka karakanani kabla desturi haijatimizwa, na sisi sote tulimwita Baba, Babu, Fundi, Shemeji. Shangazi, umebaki wewe. Tukitoka hapa tutakupeleka mbele ya jiwe lake, ulitamke jina lake ulivyokuwa ukimwita nyuma ya kituo cha reli, na usiwe na haraka, tutakusikiliza.

Pumzika, Baba, kwa amani ileile uliyowachongea wengine.