Marehemu Savsan Oshurbekova na Kanda Iliyoibwa

Dada yetu Savsan alizaliwa tarehe 11 Machi 1957 hapa kijijini Vrang, kifungua mimba wa mzee Oshurbek na bibi Zarinamo. Baba aliongea Kiwakhi, mama Kishughni, na redio Kirusi. Hajajua kutembea, alishagombezwa kwa lugha mbili na kubembelezwa kwa ya tatu.

Alisoma hapa kijijini, kisha mjini Khorog, akahitimu ualimu Dushanbe, mji mkuu, mwaka 1979. Alifundisha Kitajiki, lugha ya serikali, miaka kumi na tisa.

Mwaka 1981 aliolewa na shemeji yetu Niyozbek, dereva wa lori, aliyezoea kulalamika: "Huyu mke, hata nikikohoa ananiuliza nimekohoa kwa lugha gani!"

Mwaka 1998 taasisi moja ya mji mkuu ilikuja na karatasi za maswali: nyumbani mnaongea lugha gani? Kijiji kizima, kwa adabu, kikajibu Kitajiki. Savsan alicheka mpaka akamwaga chai ya maziwa. "Jamani, mgeni akikuuliza kama umeshiba utamjibu nini? Kaeni jikoni siku tano, midomo mmefunga, mtasikia wenyewe." Wakamwajiri. Aliweka kinasa sauti karibu na jiko, na siku mbili za kwanza alizifuta, kwani watu walikuwa wanahutubia badala ya kuongea. Tena hakuna kanda iliyotoka kijijini kabla wenye nyumba hawajaisikiliza. Asiyependa neno lake, lilifutwa mbele ya macho yake. Hiyo ndiyo ahadi aliyompa kila mtu.

Hapa, mimi mdogo wake Nazarbek ninayewasomea, niliambiwa nipunguze ukali. Siwezi. Mwaka 2011 bibi Gulsifat alifiwa na mwanawe ughaibuni, kinasa sauti kikiwa jikoni kwake, kikanasa kilio chake. Kabla hajaisikiliza kanda ile, mkuu wa taasisi aliinakili kwa siri, wenyeji wakimwandalia chakula. Mkate wetu mdomoni, mkono kwenye mfuko wetu! Akaipiga ukumbini Dushanbe, kuonyesha mtu anavyoruka toka lugha moja hadi nyingine. Wasomi wakaangua kicheko. Ptuu!

Savsan alisimama. "Mama wa watu analia, nyinyi mnacheka nini?"

"Tulia dada, jina hatukulitaja."

"Sauti yake tunaijua sote!"

Aliacha kazi siku ileile. Habari ilimtangulia kijijini, na bibi Gulsifat akamfungia mlango. Kila Navruz, sikukuu yetu ya mwaka mpya, kwa miaka kumi na miwili, dada alipeleka mkate mlangoni pale akiomba radhi. Mlango haukufunguliwa.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Taasisi ikaja hospitalini, haina hata haya, ikaomba kanda zilizobaki nyumbani kwake. "Warudishieni wenyewe," alituambia. Alifariki Khorog tarehe 4 Oktoba 2023, akiuliza kama Gulsifat amekuja. Tulimwambia yuko njiani. Tulidanganya.

Leo taasisi imetuma shada, na barua ya kuomba kanda zilezile. Shada limewekwa nje, walipo mbuzi. Kanda zichukuliwe nyumbani baada ya mazishi, kila familia yake.

Marehemu ameacha mume, Niyozbek; watoto wawili, Mavjuda na Shodmon; wajukuu watano, na mimi mdogo wake. Asubuhi hii bibi Gulsifat, miaka themanini na mbili, aliingia kwa mkongojo, akakaa karibu na maiti, akamshika miguu. Kisha akaniuliza karatasi hii ina nini. Nikamwambia, majina ya wafiwa.

"Niandike na mimi," akasema. "Andika, mama yake."

Nimeandika. Mungu ampokee dada yetu, ampe raha.