Lemuel Augustus Pettiford, Mthamini wa Mawinga

Marehemu Lemuel Augustus Pettiford alizaliwa Jumapili, tarehe 11 Machi 1951, mjini Muncie, jimbo la Indiana. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Hosea Pettiford, fundi wa kiwanda cha chupa, na Mama Lucille. Alifuatiwa na Rosetta, kisha na Thurman, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Thurman anaomba radhi mapema, kwani marehemu alikuwa mtu wa maneno machache na mdogo wake hakurithi tabia hiyo.

Alisoma hapohapo Muncie na kumaliza sekondari mwaka 1969. Alichezea timu ya shule ya mpira wa kikapu kama winga, na kusema kweli alikuwa winga wa benchi. Mama alikuwa akifua jezi ambayo haikuwa na jasho. Lakini huko benchini ndiko alikopata kazi yake bila kujua. Katika mechi ya Februari mwaka ule, kocha alimkuta ameinamisha kichwa akafoka, "Pettiford! Unatazama nini huko chini?"

"Miguu ya namba saba wao, kocha. Kamba za yule hazijalegea. Kachoka, anajifanya anafunga viatu."

Kocha akaamuru mashambulizi yote yapitie kwa namba saba, na Muncie ikashinda kwa pointi mbili. Lemuel hakuingizwa hata dakika moja. Usiku ule alikula mkate wa mahindi nusu sahani, akasema ndiyo mechi bora aliyowahi kucheza.

Mwaka 1973 alihitimu chuo cha ualimu katika somo la hesabu, akafundisha miaka kumi na mitano. Tarehe 18 Juni 1977 alifunga ndoa na Geneva Crutchfield, sauti ya pili katika kwaya. Geneva alikuwa akichumbiwa na muuza magari mwenye meno ya dhahabu. Alipoulizwa kwa nini amemchagua mwalimu asiyesema, alijibu kwamba yule mwingine alimtazama kila alipoimba, ila Lemuel alimtazama hata alipokuwa amekaa kimya. Mungu aliwajalia binti, Verlene, mwaka 1980.

Mwaka 1988 aliajiriwa na timu ya kulipwa ya Toledo kuwa mthamini wa wachezaji, wakahamia katika nyumba ile ya Mtaa wa Collingwood ambayo wengi wenu mmekula humo. Kazi yake ilikuwa mawinga. Winga hukabidhiwa mfungaji hatari wa wapinzani amkabe, kisha akimbie mpaka kona ya mbele kusubiri pasi ambayo huenda isije. Kila timu inawataka, na hawatoshi. Ndiyo maana kila kiangazi, mikataba inapomalizika na soko la wachezaji huru kufunguliwa, bei zao hupanda mpaka watu wazima wenye suti wanapagawa. Lemuel hakupagawa. Alikuwa akitazama mechi sauti imezimwa, kiganja kimeziba mpira kwenye skrini, anahesabu mara ngapi winga amerudi mbio kukaba wakati timu yake imeachwa kwa pointi ishirini. Geneva alizoea kuwaambia wageni, "Mume wangu analipwa kutazama wasio na mpira. Na mimi simo humo, nina mpira muda wote."

Alikuwa na kanuni moja, na familia imeona ni haki isemwe hapa, maana bila hiyo maisha yake hayaeleweki. Mwaka 1991 alitumwa Georgia kumtazama winga mmoja. Mama wa kijana akamkaribisha, akamlisha pai ya pichi siku tatu mfululizo. Lemuel alirudi akaandika kwamba kijana apewe mkataba wa miaka mitano. Wakampa, na kijana akakimbia mwaka mmoja, minne iliyobaki akatembea. Tangu hapo Lemuel aliweka sheria: ukila na mchezaji, punguza. Upendo unapandisha bei, alisema, basi mthamini mwaminifu autoe. Safarini alikuwa akila yai la kuchemsha ndani ya gari, peke yake, kama mtu anayejificha na deni. Wathamini wote aliowafundisha Toledo waliibeba kanuni hiyo, na iliwaokoa mara nyingi.

Dada yetu Rosetta alifariki mwaka 1998, akamwacha mwanawe, Cortland, na miaka minane. Lemuel aliendesha gari mpaka Muncie siku ileile, akamrudisha mtoto na begi moja na samaki wake wa rangi katika mtungi. Miaka kumi Cortland alilelewa Collingwood. Hakuna aliyemfundisha kuwa winga. Alikaa tu kwenye kochi lile, karibu na kile kiganja, akajifunza kuwatazama wasio na mpira. Kila alipotoka mazoezini, kabla hata ya kumsalimia, Lemuel aliuliza kutoka jikoni: "Umekula?" Mtoto akiwa ameshakula kwa rafiki, alisema bado, ili tu akae na mjomba wake mezani.

Akawa winga wa kulipwa, na mzuri. Mwaka 2017, akiwa na miaka ishirini na saba, mkataba wake kule magharibi uliisha. Timu nyingi zilimtaka, naye alitaka moja. Alitaka kurudi Toledo. Mkurugenzi akamuuliza Lemuel kama angependa mtu mwingine amthamini mpwa wake. Hapo ndipo alipokosea. Alijibu kwamba hakuna anayemjua Cortland kuliko yeye, na kwamba kanuni ipo. Timu ikampa Cortland miaka miwili.

Cortland alipiga simu jioni ileile. Geneva alikuwepo, Verlene alikuwepo, na simu ilikuwa mezani imefunguliwa sauti, tayari kwa vigelegele.

"Mjomba, wamenipa miwili. Nani kaandika miwili?"

"Ni mimi."

"Wewe?"

"Nilikuandikia minne. Minne ni haki yako kabisa. Kisha nikatoa miwili."

"Umetoa kwa nini?"

"Kwa sababu nimekula na wewe, Cort. Miaka kumi. Unaijua kanuni."

Geneva akawa anamkanyaga mumewe mguu chini ya meza, anamnong'oneza, "Mwambie umekosea! Lemuel, sema umekosea!" Lemuel akauvuta mguu wake pembeni. Alikuwa bado anaamini hesabu yake.

"Kwa hiyo ningekuwa mgeni kwako," Cortland akasema, "ungenipa minne."

"Ningekupa minne."

"Basi nitakuwa mgeni."

Alisaini miaka minne kwenye pwani ya magharibi, akaicheza yote bila kutembea hata siku moja, akaongezewa mingine. Hakurudi Collingwood. Kwenye harusi ya Verlene alituma maua. Lemuel hakuhitaji miaka mingi kulitambua kosa lake, ilipofika Krismasi ya kwanza alimwambia mkewe, "Ile kanuni ilikuwa ya wageni, Neva. Mimi nikaileta nyumbani." Lakini kumwambia mhusika hakuweza. Alikuwa mtu wa namna hiyo, na sisi ndugu zake tuna lawama zetu pia, maana tulimsubiri aanze, tukasema wanaume watamalizana wenyewe.

Alichoweza ni hiki. Kila mwisho wa Juni, jioni soko linapofunguliwa na simu za ofisi zikiita kama zimeingiwa na wazimu, alitoka nje kwenye ngazi za nyuma, akampigia Cortland. Cortland hakupokea. Lemuel akaacha ujumbe uleule: "Cort, ni mjomba wako. Soko limefunguliwa. Umekula?" Miaka saba, ujumbe saba, hakuna jibu. Alistaafu mwaka 2019 na bado alipiga. Mechi za mpwa wake alizitazama zote, usiku wa manane kwa saa za kwetu, na Geneva anashuhudia kwamba katika hizo hakuziba mpira kwa kiganja. Alimtazama Cortland na kila alichokuwa nacho. Sote tulikuwa na hamu na yule mtoto, ila Lemuel alikuwa na hamu naye mpaka akakonda, na tulipomwambia amekonda alisema ni suruali.

Septemba 2024 madaktari walimkuta na saratani ya koo. Tarehe 14 Januari mwaka huu walimtoa kisanduku cha sauti. Aliamka, akaomba kibao cha kuandikia, na neno la kwanza aliloandika likawa swali kwa Geneva kama amekula. Alivumilia mionzi, alivumilia kulishwa kwa mrija, na hakumnung'unikia yeyote isipokuwa mtoa maoni wa televisheni.

Jumatatu, tarehe 30 Juni, soko lilipofunguliwa, alishika simu akatoka kwenye ngazi. Geneva akamfuata. "Utasema nini, na huna sauti? Mwandikie ujumbe kama watu wengine." Akaandika kwenye kibao: "Maandishi ni ya ofisini." Akapiga, akangoja mlio, akaweka simu karibu na kinywa. Kilichoingia ni pumzi tu, sekunde ishirini hivi. Kisha akakata, akakaa pale mpaka mbu wakamfukuza.

Jumatano simu ya nyumbani iliita. "Mama Neva, ni Cort. Nimeletewa pumzi. Kuna nini hapo?"

"Mjomba wako hana sauti tena, baba. Walimpasua koo Januari."

"Na hamkuniambia?"

"Ulisema wewe mgeni. Mgeni huwa anaambiwa nini?"

Alisema hivyo akaanza kulia, na upande wa pili nako kulikuwa hivyohivyo. Baada ya muda Cortland akasema, "Mwekee simu sikioni." Geneva akaiweka, naye akaegemeza kichwa chake palepale, kwa hiyo tunayajua maneno yenyewe.

"Mjomba. Sijala. Nakuja Jumamosi tule."

Lemuel aligonga ukingo wa kitanda kwa pete yake ya ndoa, mara nyingi sana, mpaka muuguzi aliyekuwa akimhudumia nyumbani akaja kuona kuna nini. Kisha akadai kibao, akaandika chakula cha Jumamosi: samaki wa kukaanga, mkate wa mahindi, mboga ya majani ya koladi.

"Na wewe unayelishwa kwa mrija, utakula nini?" Geneva akamuuliza.

Akaandika: "Nitamtazama."

Ijumaa alinyolewa ndevu, akavaa shati la buluu. Jumamosi, tarehe 5 Julai 2025, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, Bwana alimchukua usingizini, mkewe akiwa pembeni yake. Ndege ya Cortland ilitua saa tatu asubuhi. Alipofika mlangoni Geneva akamwonyesha jikoni tu. Samaki walikuwa wamekwisha kukaangwa. Cortland alikaa mezani, akala vyote, majani na mkate, machozi yakidondokea sahani, na sisi tulisimama ukutani tukimtazama kwa niaba ya mwenyewe.

Marehemu ameacha mjane, Geneva, aliyeishi naye miaka arobaini na minane. Mdogo wake, Thurman. Mkwe mmoja na wajukuu wawili. Na wathamini wengi wa mpira wa kikapu ambao leo wanaruhusiwa kula na mtu yeyote. Ameacha na watoto. Karatasi ya maziko aliijaza mwenyewe miaka miwili iliyopita, kabla ya ugonjwa, kabla ya simu ya Cortland, kabla ya kujua kama kuna atakayekuja. Penye watoto aliandika kwa mkono wake majina mawili, Verlene na Cortland. Penye wapwa hakuandika kitu. Familia imeangalia karatasi hiyo yote, mbele na nyuma, na hakuna mahali alipopunguza.

Apumzike kwa amani kaka yetu. Mwanawe amekula.