Mbao Kumi na Nne za Epiphanie

Ndugu waombolezaji, ndugu zetu wa Goma mliopanga mstari mpakani tangu asubuhi, ndugu zetu mliotoka Tanzania ambao Kiswahili changu kinawachekesha hata katika msiba, padri wetu, na ninyi majirani, mimi naitwa Ngoga Saidi, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye yeye aliniita Yaya, yaani mkubwa wake, na familia imenichagua kusoma historia hii kwa sababu katika ukoo wetu hakuna anayenishinda kwa kusema, hilo hata wasionipenda wanalikubali.

Marehemu Mukashyaka Epiphanie alizaliwa Kanama, upande wetu huu wa mpaka, tarehe 6 Januari 1953, siku ya sikukuu ya Wakatoliki iliyompa jina lake, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa wazazi wetu. Mimi niliingia Uislamu baadaye, nilipooa kule Goma, yeye akabaki na rozari yake, na chungu chetu kikaendelea kuwa kimoja.

Mwaka 1961 tulivuka mpaka kukimbilia Goma, yeye akiwa mgongoni kwangu, ingawa alikuwa na miaka minane na miguu mizima, akaingia shule ya msingi mwaka huohuo, akamaliza Juni 1967, wa kwanza katika kuchora na wa mwisho katika kunyamaza. Mimi shule niliiacha darasa la nne, kwa hiari yangu, walimu walisikitika sana, lakini makaa ya kwanza aliyochorea ukutani ni mimi niliyeyatoa jikoni kwa mama, donc, basi, akitokea mtu wa kuuliza ufundi ule ulitoka wapi, ajibiwe.

Mwaka 1968 alikwenda kuomba kazi kwa mzee Bahizi, mwandishi wa vibao vya maduka mtaa wa Birere, hukohuko Goma, naye mzee akamwambia kwamba mwanamke hapandi ngazi. Epiphanie akaipanda ngazi ya mzee mwenyewe, akakaa juu, barabara ikajaa watu, mzee akapiga kelele, "Shuka, mutoto, watu wanaangalia!", naye akajibu, "Waangalie, mzee, si ndiyo kazi ya kibao?", na siku hiyo mzee akampa kopo la rangi, wakafanya kazi pamoja miaka minane.

Tarehe 17 Julai 1976 alifunga ndoa na Karenzi, dereva wa lori, aliyeahidi mbele ya wazee kwamba hatamzuia kuchora, akaitimiza ahadi mpaka lori lake likawa na samaki milango yote miwili. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Uwera, aliyezaliwa mwaka 1978, yuko hapa mbele yenu, ameolewa Goma. Karenzi alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1988, watu wakamshauri mjane arudi kwa kaka yake, naye akasema atarudi rangi zikiisha duniani.

Desemba 1994 tulirudi nchini, akakubali kukaa kwangu ingawa rangi hazijaisha, hapa Gisenyi, mji uliokuwa na maduka mengi yasiyo na majina, na majina mengi yasiyo na watu, naye akaandika mpaka mkono ukavimba. Bwana Hitimana mwenye bucha yuko hapa na ni shahidi, maana alichorewa ng'ombe mwenye tabasamu zuri kiasi kwamba wateja walisimama wakasema, "Huyu iko muzuri sana, tutamulaje?", wakaenda kununua maharage, na Hitimana alipoomba ng'ombe apunguzwe furaha, Epiphanie alimjibu, "Niletee ng'ombe mwenye huzuni nimuone, nitamuandika vile iko."

Sasa nimefika mahali ambapo ningeweza kuruka, karatasi hii niliiandika mwenyewe, na hakuna ambaye angejua.

Mei 1997 parokia moja ya Goma ilimwita akachore Njia ya Msalaba, picha kumi na nne za ukutani, kazi aliyoiota tangu utoto, na wakampa chumba cha kuishi humohumo. Mwaka huo mnaukumbuka, milio ya bunduki milimani, minibasi za Kanama zikirudi tupu au zisirudi, na mimi niliogopa, hilo ni kweli, lakini kweli nyingine ni kwamba niliona aibu watu waseme dada ya Ngoga, mjane, anaishi peke yake ng'ambo na makopo ya rangi. Kwetu mkubwa wa nyumba ndiye anayetunza karatasi za watu wote, basi nikaitoa lesepase yake, ile karatasi ya kupitia mpakani, katika bahasha, nikaificha ndani ya kasha la redio, kisha nikamwambia responsable, yule kiongozi wa mtaa, rafiki yangu, asimwandikie nyingine. Redio ile alikaa kando yake kila siku mwaka mmoja na nusu, akichora na kusikiliza habari, na karatasi iko humo, mahali kiganja chake kingeweza kufika.

Aliuliza karatasi iko wapi mara tatu tu, nami nikasema sijui. Mara ya nne aliagiza mbao nyembamba za triplex, akasema, "Bon, Yaya, kama mimi sipiti, njia itapita humu ndani," akaanza Njia ya Msalaba katika nyumba yangu mimi Mwislamu.

Ubao wa kwanza ulikuwa na mimi. Nimekaa katika kiti kikubwa, koti langu la kijani, beseni la maji mbele yangu, na mtu ananishikia taulo, nikaupenda kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa, nikauweka sebuleni, nikawaita watu wa Rubona na wa Nyundo waje kunitazama, nikawaeleza kwamba dada yangu amenichora kama mfalme anayenawa kabla ya kula. Wengine walikohoa, wengine wakasifu koti. Ilikuwa Desemba 1998 katekista Gad alipoingia, akautazama, akashika mwimo wa mlango, akacheka mpaka machozi, akasema, "Mzee Ngoga, huyu ni Pilato, aliyemhukumu Bwana kisha akanawa mikono!"

Wakati huo Epiphanie alikuwa mgonjwa tangu Oktoba, moyo ulichoka, miguu ikavimba. Nilifungua redio kwa bisibisi mbele yake, nikampa lesepase, naye akaisoma polepole akacheka, kwa sababu muda wake ulikuwa umekwisha tangu Septemba. "Yaya, we ni mulinzi muzuri, umeilinda mpaka imekufa." Nikamwomba anitoe katika kile kiti, akakataa, akasema rangi ikikauka imekauka, ila katika ubao wa tano kuna Simoni, yule aliyesaidia kubeba msalaba, na uso wake bado hajauchora. Nikamuuliza atamchora nani. Akasema, "Tutaona."

Tulimpeleka hospitali tarehe 2 Machi, akafariki Jumanne tarehe 9 Machi 1999, saa nne asubuhi, mkono wake katika mkono wa Uwera, na uso wa Simoni ni mweupe hadi leo. Nimekataza mtu yeyote asiuguse, na wa kwanza niliyemkataza ni mimi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliopika na kukesha, wavuvi wa Rubona mliomletea sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alipokataa chakula kingine chote, waandishi wa vibao wenzake, na katekista Gad, ambaye nilimchukia wiki mbili.

Tukimaliza matanga nitazipeleka zile mbao Goma, kwa parokia iliyomwita, sitakodi gari wala mchukuzi, nitazibeba kichwani, moja moja, safari kumi na nne, na nitaanza na Pilato, uso ukitazama nje, ili wote wanaonijua pande zote mbili za mpaka wanione. Padri wa kule akiniuliza mbona huyu wa tano hana uso, nitasema mwenye kuamua ameondoka.

Mdogo wangu, safari hii sina cha kukuficha. Pita bila karatasi, Epiphanie, ukapumzike kwa amani.